Malalamiko Dhidi ya Kabati la Fishi, Pamoja na Ombi Kwamba Bi Mariyamu Asiende Popote

Rumonge, Jumanne, tarehe 18 Juni 1963

Kwa Mkurugenzi wa Kampuni ya Mawese na Ndagala, Buyenzi, Bujumbura, ambaye pia ni mjomba wangu.

Mheshimiwa Mjomba Kassimu,

Amahoro. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na ikiwezekana ukiwa umeshakula. Sisi huku Rumonge ni wazima, lori ni zima, mizani ni mizima. Kinachoumwa ni kampuni yako, na ugonjwa wenyewe umeuleta wewe kwa mikono yako miwili, kwa nia njema kabisa.

Utakumbuka kwamba mwezi wa nne ulinipa kazi ya kuichagulia kampuni njia mpya ya kuendesha mambo yake. Uliniandikia kwamba kampuni yenye maghala mawili, lori moja na wafanyakazi tisa haiwezi tena kuendeshwa na kichwa cha mama mmoja aliyekaa mlangoni. Ukaniagiza nichunguze, nilinganishe, nijaribu, halafu nikueleze ukweli bila kuogopa. Mjomba, nimechunguza, nimelinganisha, nimejaribu. Kuogopa nilianza jana, lakini naandika hivyo hivyo.

Mitambo iliyoletwa kushindania nafasi hii ilikuwa mitatu. Wa kwanza ni ule ubao wa misumari, ambapo kila mzigo unatundikiwa kibati cha rangi yake: cha kijani ni mzigo uliofika, cha njano ni ulio njiani, chekundu ni uliochelewa. Hivyo vyekundu viliwapendeza sana wanawake wetu wa kupakia, na kabla ya wiki kwisha mizigo yote iliyochelewa ilikuwa inatembea sokoni, ikining'inia masikioni mwa watu kama hereni. Wa pili ni daftari kubwa la karatasi za kunakili, ambalo ukiandika mara moja linatoa nakala nne. Lilitoa kweli. Nakala ya kwanza ilisomeka, ya pili ilisomeka ukijua imeandikwa nini, na zile mbili za mwisho nilimwachia Mungu. Mitambo hiyo miwili niliirudisha mwenyewe na wala sikusumbui nayo.

Wa tatu ni kabati la fishi la Bwana Jean-Pierre, muuzaji wako wa huko mjini. Ni la chuma, lina droo ishirini na nne, lina kadi mia nane tupu ambazo yeye anaziita fishi, na lina ufunguo mmoja. Hilo ulilipenda tangu ulipoliona kwa picha, ukakubali tulijaribu kwa miezi miwili. Miezi miwili inakwisha mwisho wa mwezi huu, ndiyo maana nashika kalamu.

Wa nne hakuna aliyemleta, kwa sababu alikuwepo. Ni Bi Mariyamu. Wewe unamjua tangu mimi sijazaliwa, lakini barua hii ni ya kiofisi, kwa hiyo nitaandika kana kwamba humjui. Ni mjane wa marehemu Mzee Nasoro, mliyeianzisha naye kampuni. Amekaa kwenye kigoda mlangoni pa ghala kubwa miaka kumi na minne. Hajui kusoma. Anajua nani ameleta nini, nani ameahidi nini, gunia gani lilipata mvua na pipa gani limeanza kuvuja. Ukimuuliza anajibu, na mara nyingi anajibu kabla hujamaliza kuuliza.

Baada ya maelezo hayo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa mpangilio.

La kwanza. Kabati linataka kila mtu awe na jina moja, na jina hilo lisiondoke kwenye droo yake. Mjomba, watu hao wako wapi kwenye mwambao huu? Chukua mfano wa mzee wetu wa Kigwena anayetuletea mawese. Nyumbani kwake anaitwa Kabwe. Msikitini anaitwa Amissi. Wateja wote wanamwita Baba Fatuma. Mimi sikujua kwamba ni mtu mmoja, nikamwandikia fishi tatu, kwenye droo tatu. Mwezi wa tano alileta mapipa sita kwa jina la Kabwe. Kabati likanionyesha kwamba Kabwe ni mtu mwema, kwamba Amissi hajaleta kitu, na kwamba Baba Fatuma amechelewa kupita kiasi. Nikafuata utaratibu. Nikaandika barua mbili za kukumbusha, moja kali na moja kali zaidi, nikampa Kabwe azipeleke kwa kuwa anakaa upande huo. Ni mtu wa adabu, akazipokea kwa mikono miwili. Baada ya siku nne alirudi akanieleza kwamba Amissi anaomba radhi sana, ila Baba Fatuma amekasirika na hataki kuniona. Bi Mariyamu alicheka mpaka akashika mlango. Mimi niliandika majibu yote mawili kwenye fishi zinazohusika, na ilichukua siku mbili nyingine mtu kunihurumia na kunieleza. Isitoshe, Fatuma mwenyewe amejifungua wiki iliyopita, na sasa wameanza kumwita mzee kwa jina la mjukuu.

La pili. Fishi ina nafasi ya tarehe, ya uzito na ya sahihi. Haina nafasi ya nyongeza. Wewe umekulia huku, unajua kwamba tangu Magara mpaka Nyanza-Lac hakuna mtu anayenunua ndagala akaondoka bila kuongezewa mkono mmoja wa dagaa hao juu ya kipimo. Bwana Jean-Pierre alinieleza kwamba kisichoandikwa kwenye fishi hakimo katika kampuni. Basi nikamwamuru Sabine, yule dada wa kutoka Bukavu anayetupimia, aache kuongeza. Siku ya kwanza wanawake wanunuzi walidhani anatania. Siku ya pili walimuuliza Sabine kwa upole kama amefiwa. Siku ya tatu walikuwa wote kwenye ghala la washindani wetu ng'ambo ya barabara, na sisi tulikuwa na utaratibu mzuri sana na hatuna mteja.

Nikasema basi, nyongeza iandikwe nyuma ya fishi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nyongeza ya Bi Mariyamu ina sheria zake. Mkono mmoja ni kwa kila mtu. Miwili ni kwa anayenyonyesha au mwenye mimba, na mitatu kwa aliye na mgonjwa nyumbani. Anayebonyeza samaki kwa kidole gumba mpaka wavunjike, kisha akasema wamevunjika, hapati kitu. Nikaandika sababu kwa uaminifu, kila mtu na yake. Kwa mama mmoja wa hapa mtaani niliandika, kama Bi Mariyamu alivyonieleza, kwamba aongezewe mikono miwili kwa kuwa ana mimba ya miezi miwili. Aliyekuja kutia sahihi ni mumewe. Anajua kusoma, Mjomba, tena anasoma pande zote mbili. Mkewe alikuwa bado hajamwambia. Bi Mariyamu alijua kwa sababu alimwona amegeuza uso alipopita karibu na pipa la mawese, lakini yeye alijua akanyamaza, na kabati lilijua likasema.

La tatu ni fupi. Fishi zetu zinanuka ndagala, na jambo hilo halikwepeki. Tarehe 27 Mei niliacha droo moja wazi nikaenda kula. Niliporudi paka alikuwa ameshazaa ndani yake, watoto wanne. Bi Mariyamu alikataza wasiguswe mpaka wafumbue macho. Kwa siku tisa wateja wote wenye majina ya M, N na P walihudumiwa kwa kubahatisha. Nimekipitia kitabu cha maelekezo cha Bwana Jean-Pierre tangu ukurasa wa kwanza. Kuna sura nzima ya kutu, na paka hatajwi popote.

La nne ni la huduma ya muuzaji. Bwana Jean-Pierre aliahidi kuja kutusaidia tukikwama, na kwa haki yake alikuja. Alivaa tai. Akataka kuona mtambo unavyofanya kazi, akaniuliza magunia ya Hamissi wa Magara yatafika lini. Nikatafuta ufunguo. Nikapata ufunguo, nikatafuta droo. Bado nimeinama, Bi Mariyamu akajibu kutoka mlangoni, wala hakugeuka, kwamba Hamissi anashona nyavu, ataleta Jumamosi magunia thelathini, na manne kati ya hayo yatakuwa na unyevu kwa sababu mkewe amekwenda kwao na ndiye anayejua kuanika. Jumamosi yalikuja magunia thelathini. Manne yalikuwa na unyevu. Bwana Jean-Pierre, ambaye alilala hapa ili ajionee, aliyaandika hayo yote kwenye fishi, akaipeleka mjini kama ushahidi kwamba kabati lake linafanya kazi.

La tano. Mtu huyo huyo alinihubiria kwamba nchi huru haiendeshwi kwa kumbukumbu za mama wa mlangoni. Mwaka jana tarehe mosi Julai nilikuwa uwanjani tangu asubuhi, nikasikia hotuba zote mpaka jua likanichoma shingo. Hakuna aliyetaja fishi. Sioni kwa nini uhuru wangu uwe na ufunguo unaouzwa na mtu mwingine.

La sita ndilo lililonifanya niogope, na ndilo kubwa kuliko yote. Tangu kabati lifike, Bi Mariyamu ameanza kuwa na mawazo.

Unajua kwamba binti yake Mwavita aliolewa Ujiji miaka saba iliyopita, na kwamba amezaa watoto watatu ambao bibi yao hajawaona. Unajua pia kwamba mwaka jana aliomba ruhusa ya kwenda, ukamjibu kwamba akiondoka kampuni itasimama. Jibu lako lilikuwa sahihi, Mjomba, na mimi niko tayari kulitolea ushahidi. Ni nani asiyekumbuka zile siku tatu alizokwenda Bugarama kwenye msiba? Tulipakia lori bila yeye. Tuliweka ndagala chini na mapipa ya mawese juu. Lililofika Bujumbura wewe uliliona kwa macho yako, na barua uliyoniandikia ninayo bado, ingawa siipitii mara kwa mara.

Sasa hivi kila alasiri namkuta amesogeza kigoda chake karibu na kabati. Anamuuliza Sabine droo inafunguka vipi. Anauliza mashua ya Kigoma inapita siku gani. Juzi alinunua kanga mpya tatu ndogo ndogo, za kukata, na nilipouliza ni za nani akaniambia nirudi kwenye kazi yangu. Bwana Jean-Pierre amempa mama wa watu fikira kwamba kampuni inaweza kukaa siku moja bila yeye. Hili ni kosa la muuzaji, na katika maelezo ya mtambo halikutajwa.

Kwa sababu hizo sita, Mheshimiwa Mkurugenzi, naomba kwa unyenyekevu yafuatayo.

Kabati lirudishwe mjini kwa lori la Jumatatu, likiwa limefutwa.

Bi Mariyamu atangazwe rasmi kuwa ndiye mtambo wa kampuni, na aandikwe katika orodha ya vifaa, kati ya mizani na lori. Nimemlinganisha na wenzake watatu kwa vipimo vyote ulivyoniagiza. Hahitaji ufunguo. Hashiki kutu. Mfanyakazi mpya hafundishwi namna ya kumtumia, maana anafundishwa na yeye mwenyewe, tena kwa sauti. Kampuni ikipata ghala la tatu, ataongezewa kigoda tu.

Apewe matunzo yanayostahili mtambo: miwani, kigoda chenye mgongo, na chai mara mbili kwa siku.

Na kwa kuwa karatasi ya Bwana Jean-Pierre inasema, katika kifungu cha nane, kwamba mtambo usihamishwe kutoka mahali pake bila ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi, naomba kifungu hicho kitumike kwa Bi Mariyamu kama kilivyo. Ruhusa isitolewe. Wajukuu wanaweza kuletwa hapa Rumonge, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa herufi. Kuugua kwake pia kuzuiwe, isipokuwa siku za Jumapili ambazo tumefunga. Kuhusu kufa nimelifikiria sana bila kupata kifungu kinachofaa, hivyo namwachia Mkurugenzi alishughulikie kwa busara zake.

Naamini utaona kwamba sikuongozwa na maslahi yangu. Mimi ni mtu wa utaratibu, na utaratibu unanitaka niseme kwamba tulikuwa nao tayari.

Nisalimie mkaza mjomba na umwambie kikapu chake kimefika salama. Wasalimie majirani wote wa Buyenzi, na yule fundi wa saa, na watoto, wa kwako na wa jirani, hata wale waliovunja kioo changu. Huku Sabine anakusalimu, Kabwe anakusalimu kwa majina yake yote, na wanawake wa kupakia wanasema murakoze kwa vile vibati.

Mpwa wako mtiifu,

Kalume
Karani Mkuu na Mwangalizi wa Maghala

Tanbihi. Jumatano, jioni.

Mjomba, barua hii ilikuwa iondoke jana. Unajua kawaida yetu: kila barua inayopanda lori namsomea kwanza Bi Mariyamu, ili mwezi ujao ukiuliza tuliandika nini awepo wa kukumbuka. Basi nikamsomea. Nilitegemea acheke kwenye paka. Hakucheka popote. Nilipofika kwenye kifungu cha nane aliniambia niache kusoma, na haya ndiyo aliyosema, sikuongeza wala kupunguza:

"Kalume, ile kabati mimi ndiye niliomba kwa Kassimu. Miaka kumi na ine niko naikala pa mulango, kila mutu anakuja kuniuliza mimi. Batoto ya Mwavita iko batatu, na hakuna hata moya anajua sura yangu. Alhamisi niko napanda mashua. Mutauliza kabati."

Halafu akamwita Sabine afungue droo. Mjomba, zote zimejaa. Kila alasiri nilipokuwa kwenye kahawa, yeye alisema na Sabine akaandika. Hawakupanga kwa herufi. Wamepanga kwa mahali: droo za Magara, droo za Kigwena, droo za Bugarama, na ndani yake kila mtu kafuatana na jirani yake, kwa hiyo mtu akiwa na majina matatu au kumi anabaki nyumbani kwake. Nyuma ya fishi hakuna maneno, kuna alama za mkaa tu, moja, mbili au tatu, na mume wa mtu hawezi kuzisoma. Nilimjaribu Sabine kwa maswali kumi, nikachagua magumu. Alijibu yote kumi. Nimekuta na fishi yangu humo. Imeandikwa hivi: "Kalume, mutoto ya dada ya Kassimu. Anaandika muzuri. Asipakie lori peke yake."

Jana usiku niliirudia barua yangu nikiwa peke yangu. Sifuti hata lalamiko moja, maana yote yalitokea. Lakini nilidhani nimeandika kumtetea, na kila mstari nilioandika ulikuwa unamfungia mlango. Mwaka jana wewe ulimjibu kwa sentensi moja; mimi nimeandika kurasa sita kukuunga mkono. Nimeona aibu, nami nakushauri na wewe uione kidogo.

Kwa hiyo kabati lisirudishwe. Barua nakutumia hivyo hivyo, kwa sababu karatasi zimekwisha. Bi Mariyamu anaondoka kesho Alhamisi. Hakuomba ruhusa, na mimi sikumkumbusha. Atakaa mpaka atakapochoka, hivyo ndivyo alivyosema, na mzigo wake nitaubeba mimi hadi majini.

Leo tulipokuwa tunafunga ghala aliniuliza swali. Tangu nianze kazi hapa hajawahi kuniuliza kitu, ni sisi tunaomuuliza yeye, hata sikujua nisimame vipi. Aliniuliza kama mtoto wa miaka mitano anaweza kukubali kubebwa na bibi asiyemjua. Nilimwambia sijui, Mjomba. Naye akasema hata yeye hajui, akaketi tena kwenye kigoda, na tukakaa hapo wote wawili mpaka Sabine alipokuja kufunga mlango.